Mapigo Manne ya Ngoma Peke Yake

Baada ya mtambo kumkata Lukusa vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho, kiwanda kilimhamishia ghalani kutoa vipuri. Kazi hiyo aliizoea ndani ya mwezi mmoja. Gitaa hakuligusa kwa miaka miwili.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga gitaa wa kwaya katika kanisa lao la Kiprotestanti mjini Kolwezi. Watu walikuja hata kutoka Mutoshi kusikia sebene yake, ile sehemu ya mwisho ya wimbo ambapo gitaa linaongoza na kanisa zima linasimama kucheza. Sebene inataka noti nyingi za haraka, na vidole vilivyobaki havikuzifikia.

Kisha Baudouin, mwenzake wa ghalani, akamletea pedali ya mwangwi, kisanduku cha chuma chenye vifungo vitatu vya kuzungusha. Mwanzoni kilimchosha, kwa kuwa kila noti ilijirudia mara tano na zote zikavurugana. Alasiri moja akapunguza marudio yakabaki moja tu, akaongeza nguvu ya mwangwi mpaka ikalingana na ya gitaa lenyewe, akarefusha muda wa kusubiri hadi robo tatu za pigo. Akapiga polepole. Kila noti ikarudi katikati ya zile zilizofuata, nne zikasikika nane. Noëlla, mke wake, aliacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, akaja mlangoni kuangalia ni nani mwingine aliyeingia na gitaa.

Ila pedali haimsubiri mtu. Ngoma ikikimbia kidogo tu, mwangwi unaangukia pabaya.

Hayo yaliwakuta mazoezini Alhamisi, Lukusa akiwa amerudi kwenye kwaya, siku mbili kabla ya mkutano wa kwaya ambao wageni wake wangetoka mbali, hata Sandoa. Kazadi, fundi mwashi aliyekuwa mpiga ngoma wa kwaya, aliongeza mwendo kama kawaida yake. Mwangwi ukaanza kuwakanyaga waimbaji, sauti za pili zikapotea njia. Mama Mushiya, kiongozi wao, akainua mkono na wote wakanyamaza. Hakugomba. Alisema tu kwamba Jumamosi si siku ya kujaribu vitu, na kwamba wimbo wa kwanza ukiharibika namna ile, nyimbo zilizobaki atampa mpiga gitaa wa kanisa jirani. Noëlla, aliyekuwa mstari wa pili wa waimbaji, alitazama ukuta.

Usiku ule Lukusa hakulala vizuri. Asubuhi alisikiliza mazoezi aliyokuwa ameyarekodi kwenye simu, akahesabu mapigo huku akitazama saa. Kazadi alianzia mia moja kwa dakika, na kufika sebene alikuwa mia na nane. Akasikiliza wimbo mwingine, ikawa vilevile. Kumbe hakuwa akikimbia ovyo. Alipanda mpaka mahali palepale kila mara.

Basi pedali ilihitaji mipangilio miwili, mmoja wa mwendo wa mwanzo na mmoja wa sebene. Lukusa akachukua rangi ya kucha ya Noëlla, akatia nukta mbili kando ya kifungo cha muda. Likabaki tatizo moja. Ukikizungusha kifungo hicho huku sauti ingali ndani, pedali inalia kama kaseti inayoishiwa betri. Ilibidi gitaa linyamaze kidogo kabla ya sebene.

Akamfuata Kazadi kazini, akamkuta juu ya ukuta na mwiko mkononi.

"Tata Kazadi, mi siombe upunguze mwendo. Unipatie tu mapigo mane, ngoma peke yake, nigeuze kifungo."

Kazadi aliendelea kusawazisha udongo. "Miaka kumi na tano mi napigaka ngoma mu ile kanisa. Leo ni kale kasanduku njo katanionyesha fasi ya kusimama?"

"Haiko kasanduku, tata. Ni mi njo naomba. Bidole habifike tena."

Kazadi akachukua tofali lingine. Lukusa alisubiri mpaka aibu ikamzidi, akaondoka.

Jumamosi mchana kanisa lilijaa hadi nje. Wimbo ulianza vizuri, mwangwi ukakaa mahali pake, na Lukusa hakuthubutu kuinua macho. Ubeti wa tatu Kazadi akaanza kupanda. Lukusa alimgeukia, akamtazama. Kazadi aliangalia mbele. Waimbaji wakamaliza, na ngoma ikaingia sebene bila kuacha nafasi hata ya pumzi.

Mwangwi ulianguka vibaya mara mbili. Wageni wa mbele wakatazamana. Lukusa akaikanyaga pedali, ikazimika, akabaki na vidole vyake viwili na noti chache kavu zilizosikika moja moja. Mikono iliyokuwa ikipiga makofi ilipungua. Mama Mushiya akageuza kichwa kumtafuta yule mpiga gitaa wa kanisa jirani. Jasho lilimwingia Lukusa machoni, lakini hakuacha kupiga.

Ndipo Kazadi alipomtazama. Aliutazama mkono wa kushoto ukirukaruka juu ya nyuzi, akaacha ngoma nyingine zote, akabaki akipiga moja tu kwa fimbo moja. Moja. Lukusa aliinama. Mbili. Akazungusha kifungo hadi nukta ya pili. Tatu. Akaweka mguu kwenye pedali. Nne.

Gitaa likarudi, na sasa yalikuwa kama mawili yanayojibizana. Watu walisimama, mstari baada ya mstari, na Mama Mushiya akageuka tena kuwatazama waimbaji wake.

Baadaye nje, Lukusa alikuwa akikunja waya. Kazadi akaja akasimama karibu naye.

"Nilikusikia uko peke yako," alisema. "Sikupenda."

Hakuomba msamaha, wala Lukusa hakuungoja. Jumanne alasiri Kazadi alifika kwa Lukusa na fimbo zake mfukoni, akaomba kiti, akauliza waanze na wimbo gani.