Neno “Kamili” kwenye Fishi ya Kalala

Kwenye parokia moja ya mji wa Butembo, miaka ile ya vita ya pili ya Kongo, kulikuwa na chumba cha kusomea chenye kabati la bedé, vile vitabu vya picha ambavyo watoto wanavipenda kuliko katekisimu. Kila bedé ilikuwa na fishi yake, kikaratasi cha maelezo, katika sanduku la mbao: jina la kitabu, aliyechora, kurasa ngapi, iko nzima ao imepasuka. Fishi hizo hazikuwa za mtu mmoja. Ukiona kosa unasahihisha, unatia jina lako, na nakala inapelekwa kwa ndugu wa mji wa Beni, wenye kabati kama hilo, nao wanatuma zao. Sheria ilikuwa moja tu: shika kitabu mkononi ndipo uandike.

Mama Emérence, muuzaji wa maharagi kule mtaa wa Kimemi, aliipenda kazi hiyo kama sala. Kila Jumamosi baada ya soko alikaa pale, analowesha kidole, anafungua ukurasa kwa ukurasa jinsi anavyochambua maharagi yake. Kitabu kikiwa kizima anaandika “kamili”, herufi za kupendeza. Watu wakamwita Mama Kamili, naye hakukasirika. Na ole wake aliyerudisha bedé yenye kona iliyokunjwa.

“Weye, hii ni kitabu, haiko jani ya kufungia chikwange ya muhogo!”

Basoda, wale askari, walipoanza kupigana karibu, Emérence alikimbilia kijiji cha Kipese pamoja na Rébecca, bibi, yaani mke, wa mwana wake Kasonia, na mtoto mchanga. Alibeba bedé kadhaa ndani ya mfuko wa maharagi, usiku akazilalia kama mto. Vita ilipotulia wakarudi, parokia ikaomba kila fishi ihakikishwe upya. Emérence alifungua vitabu vyote vya kabati. Vile alivyobeba mwenyewe hakuvifungua. Nani angevigusa chini ya kichwa chake? Akaandika kamili, kamili, akatia jina, na nakala zikaenda Beni.

Siku moja, Emérence akiwa pale mezani, akaingia mama mmoja mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa Jeannine, mjane wa mwalimu Kalala, mtu wa Kasai aliyetumwa kufundisha Beni na kufa huko kwa malaria. Kalala alikuwa amechora bedé moja maishani mwake, “Ananie na Nyuki”. Nakala za kitabu hicho kule Beni ziliibwa vitani pamoja na meza na viti, zikabaki fishi tu.

“Nimesoma kwa fishi: kurasa makumi mbili na ine, kamili,” Jeannine akasema. “Donc nikakuja. Kwa barieri ya basoda wamenikamata kitenge yangu na viatu. Bule tu, haiko kitu. Nataka batoto baone mukono ya baba yao, nitaikopia yote.”

Orpa, mama aliyelinda kabati, akamletea kitabu. Jeannine akapangusa mikono kwenye sketi, akafungua polepole, anatabasamu. Halafu akakoma kufungua. Kutoka ukurasa wa nane alikuwa ameangukia wa kumi na saba.

“Katikati iko wapi?”

Emérence akakinyakua, akahesabu, akahesabu tena. Mama wengine walikuwa uani wanasubiri kukopa vitabu, naye akapaza sauti ili wasikie.

“Orpa! Funguo iko na weye. Makaratasi ya kitabu umeuzisha kwa bale ba kufungia karanga?”

“Miye?” Orpa akashika kifua. “Miye, Mama Emérence?”

“Sasa nani? Naliandika kamili!”

Rébecca, aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni, akaingia ameinama.

“Mama, unisamehe. Ni miye nilizichana. Kule Kipese, ile siku ya mvua, mutoto alikuwa anatetemeka na homa, kuni zilikataa. Nilikuuliza niwashe na nini. Ukaniambia: washa na kitu yoyote, mufuko iko pale.”

Emérence akakumbuka mvua ile, na sauti yake mwenyewe. Uso ukamwaka. Hakuweza kumwangalia Orpa, wala miguu mitupu ya Jeannine, iliyopasuka kwa mawe ya njia. Akatamani ardhi immeze.

Jeannine hakupiga kelele. Ingekuwa afazali angepiga. Akauliza tu, “Weye uliihesabu mbele ya vita kuanza. Basi uniambie, katikati mulikuwa nini?”

Emérence akakiangalia kitabu. Alijua kurasa zake, uzi wake, kona zake. Hadithi hakuijua. Mara zote alizokishika kitabu kile, hakuwahi kukisoma.

“Sijui, mama.”

“Miye najua kidogo,” Rébecca akasema. “Niliangalia picha mbele ya kutia kwa moto. Ananie amepanda muti, nyuki zinamufukuza, suruali imebaki kwa tawi. Bibi yake anacheka mpaka anakaa chini. Ule bibi alikuwa na mwanya hapa, kama weye.”

Jeannine akagusa meno yake. Alicheka, na machozi yakatoka wakati uleule. Akasogea kwenye benchi. “Kaa. Sema tena, polepole.”

Emérence akachukua fishi na kalamu. Akafuta neno lile, akaandika: “Si kamili. Kurasa 9 mpaka 16 hazipo, zilichomwa na watu wa nyumba yangu. Niliandika bila kufungua. Emérence.” Akampa Orpa aisome, maana nakala ilipaswa kwenda Beni siku hiyohiyo.

Orpa akasoma mpaka mwisho, akairudisha mezani.

“Ya kitabu umeisahihisha muzuri. Mais miye, uliniita mwizi na sauti ya kusikiwa na uwanja muzima. Hiyo itasahihishwa na kalamu?”

“Hapana.”

“Basi.”

Emérence akainuka. Akatoka mpaka katikati ya uwanja, walipokuwa wale mama, akawaomba wakaribie wamsikie akimwondolea Orpa lile jina la mwizi.