Lovina Kakataa Kurudishiana

Ardith Jorgensen aliingia Las Vegas akiwa amekwisha kukasirika, na hasira yenyewe ilianzia kwenye maegesho. Dola ishirini kwa siku! Kulaza gari tu, gari ambalo halili wala halichafui shuka! Alimwambia hivyo kijana wa getini, akamwambia tena binti wa mapokezi, na walipofika chumbani akamwambia Lovina, ambaye ndiye aliyeendesha mwendo wa saa nane kutoka Twin Falls na alichokuwa anatafuta ni mahali pa kuvulia viatu.

"Zamani walikuwa wanatubembeleza tuje," Ardith alisema. "Walitupa na kuku wa bure. Sasa hata kivuli wanakitoza."

"Tumeshalipa, mwenzangu. Niache nioge."

Wanawake hawa wawili walipika pamoja miaka ishirini na mbili katika jiko la shule moja huko Idaho. Watoto mia sita kila mchana, na Ardith akisimamia mwiko wake kwa haki ya kutisha: hakuna sahani iliyopata tonge la nyama zaidi ya nyingine, awe mtoto wa diwani au wa nani. Walipostaafu, miaka mitano iliyopita, walianza safari zao. Kila Machi, siku tano, poka ya dau dogo, kila siku chumba kingine cha karata. Dau halikuzidi dola nne. Ardith alipanga waende wapi, wakae wapi, wale nini. Mkate na nyama ya bata mzinga ulitoka nao nyumbani ndani ya kisanduku cha barafu, kwa sababu bei ya chakula cha kasino ilikuwa hadithi nyingine ya kumpandisha presha. Lovina aliendesha.

Ardith mwenyewe hakuendesha tena. Macho yalikuwa yameanza kumsaliti, ya mbali aliyaona kama mtu anayechungulia kupitia mvuke wa sufuria, na leseni wakamnyang'anya. Hilo nalo alilikasirikia mwaka mzima. Mume alikuwa amekufa, mwanawe mmoja yuko Alaska na hupiga simu Krismasi. Kwa hiyo siku hizi tano ndizo zilizokuwa zake katika mwaka, na bila Lovina zisingekuwapo. Ndiyo maana neno moja lilimkaa kooni tangu njiani. Walipokuwa wanajaza mafuta mjini Ely, Lovina alisema bila kumtazama, "Mwakani sijui, Ardith. Nitaona." Ardith hakuuliza utaona nini. Aliogopa kujibiwa.

Siku ya kwanza walicheza kwenye kasino kubwa yenye mazulia ya kuzamisha mguu. Akakaa mbele yao kijana mwenye miwani ya giza na vifaa vya muziki masikioni, anatazama karata zake, anatazama dari, anavuta pumzi. Dakika mbili zikapita.

"Mwanangu," Ardith akamwambia, "hizo ni dola mbili. Hujaambiwa uoe."

Meza nzima ikacheka, kijana akatupa karata. Siku hiyo ilikuwa njema. Ardith alipata dola kumi na moja na alilala akikoroma.

Siku ya pili walikwenda kwenye kasino ya mtaa wa zamani, ile ambayo hawakuikosa mwaka wowote. Chumba cha karata hakikuwapo. Pale zilipokuwa meza sita zilipangwa mashine za kamari, zinamulika na kulia. Ardith alimsaka mlinzi mpaka akampata.

"Meza zetu mmezipeleka wapi?"

"Bibi, mimi nimeajiriwa juzi."

"Basi mwambie aliyekuajiri kwamba huwezi kuitazama mashine usoni ukajua inadanganya. Nani atafunga safari kuja kubonyeza kitufe?"

Mlinzi akageuka kutazama. Watu kama kumi na wawili walikuwa wanabonyeza vitufe kwa bidii. Kwa adabu hakusema kitu, na adabu yake ikamuudhi Ardith kuliko jibu lolote.

Sasa siku ya tatu, Jumatano, saa nane mchana, katika chumba kidogo kilicho nyuma ya mgahawa, ndipo yalipotokea yale. Na hapa lazima nieleze kurudishiana, maana asiyejua atamwona Ardith mwendawazimu.

Katika mchezo wao, kabla karata hazijagawiwa, wawili huweka dau la lazima: wa kwanza dola moja, anayefuata mbili. Ikitokea wengine wote wametupa karata zao, wanabaki hawa wawili tu, na kwenye meza za dau dogo waungwana hawapigani kwa dola tatu ambazo kasino yenyewe itazimega. Kila mmoja huchukua chake, karata zinarudi, mchezo unaanza upya. Mgeni unamwuliza mara moja tu, "Tunarudishiana?", na akikubali, amekubali mpaka atakaponyanyuka kitini, hata agawiwe karata za kumtoa machozi ya furaha. Hasa akigawiwa hizo! Mtu wa kurudishiana akiwa na takataka, kisha akipata nzuri anakataa, huyo hana heshima kwenye meza yoyote ya jangwa hili. Ardith na Lovina hawakuwa wakiulizana. Kwa miaka yote, wakibaki wawili, mikono yao ilichukua sarafu huku midomo ikiendelea na maneno mengine.

Siku hiyo Lovina alikaa kuliani kwa Ardith. Lovina aliweka dola yake moja, Ardith mbili zake. Karata zikagawiwa, watu wakatupa mmoja baada ya mwingine, mpaka mzee Burdette, mwenye mrija wa oksijeni puani, naye akazitupa. Wakabaki wao. Ardith akanyoosha mkono kuchukua sarafu zake, akiwa katikati ya kusimulia habari ya supu ya mgahawa ilivyopanda bei.

"Naongeza," Lovina akasema.

Ardith akacheka. Mgawaji karata, mama mmoja mtaratibu aitwaye Marisela, hakucheka.

"Ameongeza, mama. Dola mbili kwako."

"Anatania huyu."

"Sitanii," Lovina akasema, na macho yake yalikuwa juu ya meza.

Ardith alikuwa na malkia na nane, karata ambazo mtu mwenye akili timamu angezitupa. Lakini akili timamu ilikuwa imeshatoka nje. Akaongeza. Lovina akaongeza juu yake. Karata za katikati zikafunuliwa na hazikumletea Ardith chochote, naye akalipa kila alipodaiwa, sarafu zikigonga meza kwa kishindo ambacho Marisela aliamua kutokisikia. Mwisho Lovina akafunua zake: ree mbili, ya kopa na ya shupaza. Hakuna jozi kubwa kuliko hiyo. Dola kumi na nane za Ardith zikaenda.

"Mungu wangu," mzee Burdette akanong'ona. "Si mlikuja pamoja ninyi?"

"Tumekuja pamoja!" Ardith akafoka. "Gari moja, chumba kimoja, mkate mmoja nimeukata kwa kisu changu mwenyewe! Lovina, wewe ni mtu wa namna gani? Umepata ree mbili ndiyo unanigeuka? Miaka yote hii nimekurudishia, na mara ngapi nilikuwa na wafalme mkononi nikanyamaza! Mtu akishaahidi, ameahidi!"

Lovina alikuwa anapanga sarafu zake, taratibu, nne nne.

"Ameahidi," akasema. "Na mpishi mkuu alipostaafu, uliniahidi nini?"

Ardith akachukua mkoba wake, akaacha sarafu mezani, akatoka.

Alikaa kwenye kiti kirefu cha mgahawa akaagiza kahawa, na kahawa yenyewe dola sita, lakini hata hilo hakulisema. Ati analinganisha! Mchezo ni mchezo, kazi ni kazi. Miaka kumi na moja iliyopita, kweli, walisimama wawili kwenye beseni la vyombo, mikono ndani ya povu, wakakubaliana kwamba hakuna atakayeomba nafasi ile. Aletwe mtu wa nje, wao wabaki sawa kwa sawa, asiwepo wa kumwamuru mwenziwe. Lakini yeye Ardith aliitwa. Mwalimu mkuu alimwita ofisini akamsihi, na mtu akisihiwa na mkubwa wake afanyeje? Hivyo ndivyo alivyomwambia Lovina wakati ule, na Lovina akasema hongera, akafunga aproni yake, akaendelea kumenya viazi.

Alimsimulia mhudumu wa kahawa habari yote ya ree mbili.

"Rafiki yako wa miaka yote hiyo?" mhudumu akasema. "Aibu gani! Mimi nisingekaa naye tena."

"Unaona!" Ardith akasema. Alikuwa amepata alichokuwa anakitaka, na hakikumfaa kitu. Kutokaa naye tena maana yake ni Machi ndani ya nyumba, anasikiliza jokofu likinguruma. Zaidi ya hayo, alipokuwa anamweleza yule dada, habari ya kuitwa ofisini aliiruka. Mgeni asiyemjua, asiyeweza kumhukumu kwa lolote, na bado ulimi ulikataa kuitamka. Maana hakuna aliyemwita. Aliandika barua ya maombi mwenyewe, siku ya Jumapili, akaipeleka Jumatatu asubuhi kabla Lovina hajafika kazini. Kisha kwa miaka sita akaupokea mshahara wa mpishi mkuu, akamwambia Lovina asugue wapi na akate vitunguu vipi, akaondoka na pensheni nono kuliko ya mwenziwe. Kwenye safari hizi walichangia kila kitu nusu kwa nusu, na aliona hiyo ndiyo haki.

Kahawa ikapoa. Akainywa baridi hivyo hivyo, akaimaliza kwa sababu imelipiwa, akarudi chumbani mwa karata.

Kiti chake kilikuwa kimeachwa wazi. Akaketi. Lovina hakugeuka. Mzee Burdette alisogeza mtungi wake wa oksijeni kidogo, kama mtu anayepisha ugomvi. Walicheza hivyo karibu saa nzima, Ardith hajasema neno, jambo ambalo liliwatisha watu kuliko kelele zake. Dau la lazima likazunguka, likawafikia tena: Lovina moja, Ardith mbili. Na tena, kwa bahati ambayo Ardith aliiona ni uchokozi wa makusudi, watu wote wakatupa karata.

Safari hii Lovina akamgeukia. Akamtazama vile anavyotazamwa mtu aliyeketi mezani dakika hiyo, aliyetoka mji usiojulikana.

"Mama, unarudishiana?"

Ardith alihisi uso unawaka. Mama! Swali la wageni! Angeweza kutukanwa kwa jina lake asiumie hivyo. Hasira ikampanda yote, ya maegesho, ya mashine, ya leseni, ikafika mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupata wa kumtupia.

"Utakavyo wewe," akasema.

Lovina akafikiri. Alichukua muda wake, mrefu kuliko yule kijana wa miwani.

"Naongeza," akasema.

"Haya, chukua." Ardith akazisukuma karata zake kuelekea kwa Marisela bila kuzitazama. "Zote zako."

"Usizichukue, Marisela." Sauti ya Lovina ilikuwa kali, sauti ambayo jiko lile halikuisikia kwa miaka ishirini na mbili. "Na wewe usinitupie makombo. Sijaomba unipe. Zitazame, ucheze kama watu."

Marisela akawatazama wote wawili, akaacha mkono wake ulipokuwa. Karata za Ardith zilibaki juu ya kitambaa cha kijani, zimepinda kidogo. Hata msamaha hakuachiwa auombe apendavyo! Ilimkera mno. Akazivuta karata zake, lakini hakuzifungua.

"Sikuitwa ofisini," akasema.

Mzee Burdette akaacha kuchezea sarafu zake.

"Niliomba ile nafasi, Lovina. Niliandika barua. Nilikuahidi sitaomba, nikaomba, halafu nikakudanganya kwamba wamenisihi. Hakuna aliyenisihi."

Lovina hakushtuka. Alikuwa anazishika karata zake kwa vidole viwili, jinsi alivyozishika siku zote.

"Najua," akasema. "Karani alinionyesha barua yako wiki ile ile. Miaka kumi na moja nakusubiri uniambie."

Ardith akazibana karata zake mkononi.

"Dola mbili kwako," Lovina akasema.