Kilo Thelathini na Nane za Virginia Kagwiria

Umande wa Timau bado haujayeyuka. Umeganda juu ya majani, mweupe kama chumvi, na Virginia Kagwiria anaupangusa kwa kiganja kabla ya kushika ganda la kwanza. Ni Alhamisi, saa moja kasorobo asubuhi. Mlima Kenya uko nyuma yake lakini ukungu umeumeza wote.

Anachuma minji, ile ya kuliwa na maganda yake. Watu wa hapa huipanda lakini hawaili, kwa kuwa yote hupakiwa kwenye ndege ikaenda Ulaya. Ganda refu kuliko kidole cha kati halitakiwi. Fupi kuliko kidole cha mwisho halitakiwi vilevile. Baada ya miaka kumi na mmoja vidole vyake havipimi tena, vinajua.

Kreti inapojaa anaibeba hadi kwenye mizani iliyoning'inizwa kwenye mti wa uzio. Nyapara wa shamba, Bwana Kithinji, anasubiri sindano itulie.

"Kumi na moja na nusu," anasema, kisha anaandika kwenye kadi yake ya manjano.

Virginia, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, hulipwa shilingi mbili na nusu kwa kila kilo. Siku njema huondoka na shilingi tisini. Baridi ya Julai ikikaza, akipata hamsini hushukuru Mungu.

Na huyuhuyu Virginia ni mjumbe wa Kamati Kuu ya Taifa ya chama cha siasa.

Msomaji akitaka kucheka na acheke. Wengi walimtangulia.

Chama chenyewe ni Mshikamano wa Raia, ambacho huku kila mtu anakiita Chama cha Kiondo kwa sababu ya alama yake. Kamati Kuu yake ina wajumbe ishirini na watatu. Wanne ni wabunge, watatu mawakili, na wengi wa waliobaki ni wafanyabiashara na wenye mashamba ya kupimwa kwa macho. Lakini katiba ya chama, iliyoandikwa siku zile za moto wa vyama vingi, ilitenga kiti kimoja kwa mfanyakazi wa shamba wa kibarua.

Mwaka jana, mwezi wa Machi, wanachama wa sehemu hizi walikusanyika Kiirua wakamchagua Virginia kwa kuinua mikono.

"Walinichagua kwa sababu sinyamazi," anasema. "Hapa shambani tulikuwa tunakunywa maji ya mfereji, nikaenda kwa meneja, nikasema sisi si ng'ombe. Tukawekewa tangi. Basi watu wakasema, huyu aende Nairobi akaseme hivyo hivyo."

Nauli yake walimchangia wao, sarafu kwa sarafu, katika kopo la mafuta ya kupikia. Anakumbuka kikao cha kwanza kuliko vyote. Alikuwa amevaa koti lake la kijani, la kanisani, na kukaa mwisho wa meza. Hajakaa sawasawa, bwana mmoja mwenye tai akamgeukia.

"Mama, hebu tusaidie na chai."

Virginia alishainuka nusu. Ndipo makamu mwenyekiti wa chama, Mwalimu Gedion Nthiga, mzee wa Siakago aliyestaafu ualimu, alipotoka kwenye kiti chake cha mbele, akaichukua birika, akazunguka meza nzima akimimina. Alipofika kwa Virginia alimimina na kusema kwa sauti ya kusikika, "Sukari ngapi, Mheshimiwa?"

"Siku hiyo nilijua nina mtu ndani ya ile nyumba," anasema Virginia.

Kwa hiyo lililotokea mwezi uliopita lilimchoma mara mbili.

Jumamosi ya tarehe 13 Juni, gazeti liliandika kwamba Kamati Kuu ilikutana Nairobi Jumatano ya tarehe 10 na kumfukuza chamani Mwalimu Nthiga. Kosa lake, kwa maneno ya tangazo, lilikuwa "kuchochea mgawanyiko". Watu wake wanasema kosa lake lilikuwa kudai uchaguzi wa viongozi ambao umeahirishwa mara tatu. Chini ya habari yalipangwa majina ya waliohudhuria. Katiba inataka wajumbe kumi na wawili ndipo kikao kihesabike. Majina yalikuwa kumi na mawili kamili, na la kumi na mbili lilikuwa V. Kagwiria, Timau.

Virginia hakuwa Nairobi. Hakuwa hata na habari ya kikao. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na kilomita zaidi ya mia mbili, na bado ikatembea.

Gazeti alionyeshwa sokoni Kiirua na jirani yake Nelius, mwanamke ambaye kwa miaka tisa wamekuwa wakipitiana kila asubuhi kwenda kazini. Virginia alicheka kwanza. Alidhani ni makosa ya wapiga chapa.

Nelius hakucheka. "Kwa hivyo ni kweli umemuuza Mwalimu?"

"Nelius, si tulikuwa shamba pamoja?"

"Wewe si hukuwako wiki hiyo? Watu walikuona na koti ya kijani, ukipanda gari."

Na kweli walimwona. Lakini walimwona Alhamisi, tarehe 11. Siku hiyo Virginia aliomba ruhusa, akavaa koti lake, akaenda Kianjai kumchukua mama yake mzazi na kumpeleka kliniki ya macho mjini Meru. Kwa anayechuma minji siku sita kwa wiki, Jumatano na Alhamisi ni mapacha. Gazeti lilisema Jumatano, watu walikumbuka koti, na mambo yakajifunga yenyewe. Lisemwalo lipo, wakasema.

Kopo la nauli lilirudishwa kwa mweka hazina wa tawi bila neno. Kwenye kikundi cha maombi aliombwa, kwa upole unaouma kuliko matusi, aache mtu mwingine aongoze kwa sasa. Asubuhi Nelius alianza kupita njia ya chini, ya kuzunguka. Virginia alikwenda kazini peke yake wiki nne.

"Hata muga sikupewa," anasema. Muga ni salamu ya Kimeru. Hapa hata adui hanyimwi. "Ningeiba kuku wangenisalimia. Mwizi wa kuku huwa anasalimiwa."

Anasema hivyo na kuchuma maganda matatu kabla ya kuendelea. Hasira yake haina kelele, na ndiyo maana inamkaa mtu aliye karibu naye.

Mwandishi wa habari hii alipofika Siakago, Mwalimu Nthiga alikuwa akipura kunde uani. Alisema hakuamini gazeti hata dakika moja, lakini hakutaka kumwekea mama huyo maneno mdomoni. Alimwandikia barua ya mistari miwili: Baraza la Wajumbe la chama zima linakutana Embu Jumamosi tarehe 18 Julai kuthibitisha kumbukumbu za kikao cha Juni; kama ana la kusema, aje aliseme mwenyewe.

"Nimeita rejista miaka thelathini na mmoja," alisema mzee huyo. "Mtoto ambaye hayupo anaandikwa hayupo, hata kama baba yake ni chifu. Hicho tu ndicho ninachodai. Mimi hata wakinifukuza nina kunde zangu. Lakini yule mama wamemwandika yupo, na hayupo."

Kwenye makao makuu ya chama, ofisa aliyepokea simu alijibu kwa kifupi. "Kumbukumbu ziko sahihi. Kama mama amesahau alikuwa wapi, hilo si jambo la chama."

Alikuwa wapi? Hilo swali Virginia alilibeba wiki nne bila kujua kwamba jibu lake limeandikwa, tena limeandikwa mara tatu.

Ilikuwa Ijumaa iliyopita, kwenye mizani. Kithinji alimpimia kreti bila kumtazama usoni, kama alivyokuwa akifanya tangu gazeti litoke. Yeye pia ni mwanachama wa Kiondo, na mkono wake ulikuwa miongoni mwa iliyoinuliwa Kiirua. Alisema namba, akaandika. Virginia akabaki amesimama.

"Songa, Mama Mukiri. Wengine wanangoja."

"Kithinji, nikuulize kitu kimoja. Ile Jumatano ya tarehe kumi, minji yangu ilipimwa na nani?"

Kithinji anasimulia mwenyewe kilichofuata, na hajipendelei. Anasema alitaka kumjibu vibaya. Kinywa kilikuwa tayari. Lakini swali lilimwingia mahali pabaya, kwa sababu kwenye laini hizo, mistari ya minji, hakuna mwingine anayepima ila yeye.

Saa ya chakula alikwenda ofisini, akafungua sanduku la bati zinamowekwa kadi za miezi iliyopita, akatafuta namba 117, ya Virginia. Tarehe 10, Jumatano: kilo kumi na tatu, kumi na mbili na nusu, kumi na mbili na nusu. Jumla, thelathini na nane. Tarehe 11: mstari. Mwandiko ulikuwa wake, na ile nane yake ya mayai mawili yaliyobebana.

"Nilikaa juu ya kreti," anasema Kithinji. "Nikajiuliza, wewe ni mtu wa aina gani? Umepimia huyu mama mara tatu siku hiyo, kwa mkono wako. Halafu gazeti imekuja inakuambia alikuwa Nairobi, na ukaamini gazeti. Mkono yako mwenyewe ukaikataa."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Kithinji alikuwa na macho na kadi pia. Hilo ndilo linalomnyima usingizi. Siku mbili hakusema kitu, kwa aibu. Jumatatu asubuhi, kabla ya mtu kushika laini, alisimama mbele ya wachumaji wote, wanaume kwa wanawake.

"Mama Mukiri alikuwa hapa tarehe kumi. Nilimpimia mimi. Nyinyi mlichuma naye. Mimi nimemkosea, na nyinyi mmemkosea."

Watu waliingia shambani. Lakini jioni, Virginia alipofika kwenye njia panda, Nelius alikuwa amesimama upande wa juu akimsubiri.

"Muga," alisema Nelius.

"Muga mono," Virginia akamjibu. Walitembea pamoja hadi nyumbani. Virginia anasema hakuwa amesamehe bado, lakini alikuwa amechoka kutembea peke yake.

Mambo yangeishia hapo yangekuwa mepesi. Jina limesafishwa Timau. Nairobi bado limeandikwa. Kumbukumbu zikithibitishwa Jumamosi, Nthiga atatoka na Virginia atabaki kwenye karatasi za chama kama mtu wa kumi na mbili aliyemtoa. Kadi ya manjano ikifika Embu, wanabaki kumi na mmoja na kikao kinakuwa si kikao.

Lakini kadi ni mali ya shamba. Virginia na Kithinji walikwenda kwa meneja Jumanne, wakiwa wamevua kofia zao za sufi. Meneja aliwasikiliza hadi mwisho, wanasema, kisha akatoa jibu ambalo wote wawili wanalirudia neno kwa neno: karatasi ya shamba haitoki shambani kwa mambo ya siasa, mzigo wa ndege ya Jumapili huchumwa Jumamosi, na atakayekosekana Jumamosi asijisumbue kuja Jumatatu.

Kwa Kithinji, hiyo ni kazi ya mshahara wa mwezi, shilingi elfu tatu na mia mbili, na nyumba ya shamba anayoishi na wazazi wake wazee. Kwa Virginia, ni karo ya Mukiri, kifungua mimba wake, aliye kidato cha tatu. Mume wake huendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, kazi ya kupanda na kuvuna tu. Katikati hapo nyumba hukaa juu ya mgongo wa mke.

Virginia alimwambia Kithinji abaki. Alimwambia hivyo Jumanne, akamrudia Jumatano. Yeye mwenyewe ataenda mikono mitupu na kusema ukweli wake, waamue.

Asubuhi hii, mbele ya mizani, Kithinji anamjibu. Anatoa kalamu mfukoni, ile ya bluu iliyofungwa uzi, na kuishika mbele yake.

"Kadi ni ya shamba, sitaiiba," anasema. "Lakini mkono ulioiandika si wa shamba. Huo nitaupeleka Embu. Wanipe karatasi niandike thelathini na nane mbele yao, waangalie kama inafanana na ya mtu mwongo."

Virginia anageuka upande, anajipangusa uso kwa ukingo wa leso. Kisha anachukua kreti tupu.

Anasema Jumamosi atavaa koti la kijani lilelile, makusudi. Nelius atakuja pia. Naye amekubali kuikosa Jumatatu. Kopo la nauli limerudi, na safari hii lina sarafu za kutosha watu watatu kwenda. Za kurudi hazijatimia.

Akiachishwa kazi, ana mpango wa kulima viazi kwenye robo eka ya mama yake Kianjai. Chama, anasema, atakihama au atakikalia, hilo ataliona baadaye. Embu anakwenda kwa jambo moja tu.

"Kule wataanza kwa kuita majina," anasema, na vidole vimesharudi kwenye maganda. "Mara ya mwisho waliita langu, mtu akaitika. Sijui ni nani. Safari hii nataka waliite nikiwa ndani ya chumba, niitike mimi."