Fulana Isiyompenda Mtulivu

Ni asubuhi, chai haijapoa, na Bi Pilika ameshainuka kitini mara tatu. Anashona mshono mmoja, anakwenda dirishani, anarudi, anakata uzi, kisha anachungulia chumba cha pili. Humo mumewe ameketi kwenye kochi, mikono mapajani, kimya kama kawaida yake.

"Vuta pumzi vizuri, baba watoto," anamwambia.

"Si navuta," anajibu mzee.

Jina la Pilika alipewa na majirani kwa pilikapilika zake. Ni fundi cherehani, na siku hizi anaishonea maabara ya chuo fulana za majaribio. Ndani yake mna nyuzi za aina mbili zinazotoa umeme zikisuguana, ule ule unaokuchoma ukivua sweta ya nailoni. Umeme huo unalisha kihisi kidogo kama kifungo cha shati, ambacho hupeleka mapigo ya moyo kwenye simu ya muuguzi. Hakina betri.

Kila fulana ilijaribiwa kwanza mwilini mwa aliyeishona, na mwilini mwake haikugoma hata moja. Wahandisi wakafurahi, naye akavimba kichwa.

"Waliniambia nina mkono wa baraka," anasema. "Kumbe si mkono, ni miguu."

Maana mama huyu hatulii, na nyuzi zilisuguana muda wote. Hata mahojiano haya tumeyafanya tukifuatana kutoka cherehani hadi jikoni.

Mumewe alipougua moyo, daktari alimruhusu arudi nyumbani akiwa na fulana hiyo, akamwambia atulie. Na mzee akiambiwa jambo, amelishika. Alitulia kwelikweli. Alasiri simu ya muuguzi ikanyamaza, gari la wagonjwa likaja mbio na king'ora, wakamkuta kochini akiuliza nani amefariki.

Mtaa mzima ulicheka. Bi Pilika alijifungia chooni akalia. Fulana ilinyamaza tena siku ya pili, na safari hiyo muuguzi alipiga simu tu. Ya tatu, hakupiga.

"Hapo ndipo roho yangu ilipotoka," anasema. "Siku moyo ukisimama kweli, watasema ni yale yale ya mzee, ametulia. Na fulana niliipima mimi."

Tangu hapo hakai wala halali. Mhandisi, mama mmoja mpole, alikiri kuwa hata wao hawakuwaza juu ya mtu asiyesogea, akamshauri ahamishie nyuzi mbavuni, kifua kinapopanda na kushuka. Ameshona, amefumua, ameshona tena. Sasa lazima apime, na safari hii kwa kukaa.

Anaivaa, anaketi kando ya mumewe. Goti linaanza kucheza lenyewe. Mzee analiwekea mkono.

"Hilo goti linatudanganya," anamwambia taratibu.

Goti linaacha. Tunasubiri, na kwa kweli hata mimi nimebana pumzi. Taa ndogo ya kihisi inawaka, inafifia, inawaka tena, polepole, kwa mwendo wa kifua chake tu.

Anaivua na kumvisha mzee pale pale. Kesho atakwenda kwa muuguzi amwombe jambo moja: fulana ikinyamaza, waje mbio, hata kama mtaa ulicheka siku ile.

Namuuliza ana mpango gani baada ya hapo.

"Nikae naye," anasema, macho yakiwa kifuani mwa mumewe. "Tupige soga kama zamani, bila mimi kumhesabia pumzi."