Jina la Mtafiti Mkuu

Bu Wuryan, yaani Mama Wuryan, hakuwahi kusoma andiko la utafiti akiwa amekaa. Alivua viatu, akasimama dirishani na kusoma hadi ukurasa wa mwisho. "Nikikaa nitamhurumia mwandishi," alisema. Aliiongoza ofisi ya utafiti ya chuo chetu hapa Java kwa miaka kumi na mmoja, na sisi wahadhiri wadogo wa kike alituita Nduk, kama mabinti zake.

Mwaka wangu wa kwanza nilitaka kuchunguza upele uliokuwa ukimaliza mbuzi kijijini kwa mama yangu. Wizara hupokea maandiko ya kuomba fedha mara moja tu kwa mwaka, na siku ile mwisho ulikuwa saa kumi alasiri. Saa nane mfumo wa mtandaoni ukalikataa langu.

Nikakimbilia kwa Bu Wuryan. Nikamkuta Tugiran, mwenzangu wa mambo ya mpunga, na wahadhiri wengine wawili. Wote walikuwa wamekataliwa.

Bu Wuryan alitazama kompyuta, kisha akatutazama sisi. "Mtafiti mkuu wa mbuzi ni nani?"

"Pak Sumaryoto," nikasema. Mzee Sumaryoto huyo alikuwa mkuu wa kitivo chetu.

"Wa mpunga?"

"Pak Sumaryoto," akasema Tugiran.

"Na samaki? Na nyuki?" Wale wawili wakainamisha vichwa. "Yeye aliwaomba mumwandike?"

"Hapana, Bu," nikasema. "Ni heshima tu. Nitawekaje jina langu juu ya lake?"

"Heshima nne kwa mpigo. Na mtu mmoja haruhusiwi kuongoza zaidi ya utafiti mmoja. Mzee wa watu hajui hata kama anafuga nyuki."

"Basi mwenyewe achague mmoja," akasema Tugiran.

"Achague, yule? Juzi kala chakula cha mchana mara tatu kwa kuona haya kuwakatalia wenyeji. Ukimuuliza atatabasamu mpaka saa kumi ipite." Akavaa viatu. "Futeni jina lake. Kila mtu aandike lake. Nakwenda kumwambia."

"Atakasirika, Bu."

"Atanikasirikia mimi. Ninyi kazi yenu mbuzi na mpunga, yangu ndiyo hiyo."

Wenzangu waliandika. Mimi nilikaa mbele ya nafasi ile tupu, kana kwamba nimeambiwa niketi kwenye kiti cha baba mkwe. Saa kumi kasoro dakika tano Bu Wuryan akarudi na sahani ya ndizi za kukaanga.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Kacheka mpaka machozi. Anasema mbuzi anawaogopa tangu utotoni." Akachungulia kompyuta yangu. "Bado tu? Mbuzi wanakufa huko, Nduk, wewe umekaa na adabu zako."

Nikaandika. Zilikuwa zimebaki dakika nne.

Dawa tuliyoipata katika utafiti ule haikuwa ya ajabu, lakini mama yangu bado anafuga.

Mwaka jana nilimtembelea Bu Wuryan kwake. Alikuwa amestaafu zamani, na sauti yake imekuwa ndogo. Nikamwambia nimeambiwa niombe kuiongoza ofisi ile, ila Tugiran ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili, nadhani nimpishe kwanza.

Alifumba macho, nikadhani amelala. Wiki mbili baadaye tulimzika. Lakini siku ile aliyafumbua tena, akanitazama kama anayesoma.

"Kaandike jina lako, Nduk," akasema. "Tugiran analijua lake."