Mbung'o Watatu Kwenye Kiberiti

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, sisi wa huku Serengeti tuliambiwa tushuke karibu na mto. Nilikuwa mjane, na mali yangu yote ilikuwa ng'ombe mmoja wa maziwa. Watoto wangu waliishi kwa ng'ombe huyo.

Kule mtoni nilishaona mbung'o, nzi anayeua ng'ombe. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kumjua, tulipokuwa wadogo tukichunga: "Mtazame akitua. Nzi wa kawaida anatanua mabawa. Mbung'o anayalaza moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa." Basi nikakamata watatu, nikawatia kwenye kiberiti kitupu, nikampelekea kaka ili waonyeshwe kwenye mkutano wa kuhama. Sasa alikuwa balozi wa nyumba kumi.

"Dada, niachie mimi," akasema. "Ukisimama wewe watacheka tu."

Nikamwachia. Yeye alioa kwa ng'ombe wa mahari yangu. Kwetu ndivyo ilivyo, na dada wa namna hiyo ana neno nyumbani kwa kaka yake. Sikuona sababu ya kumshuku.

Mkutano ulikuwa shuleni. Bwana mifugo alikuja kujibu maswali ya wadudu, na watu walimuuliza kila kitu.

"Mbu anazaliwa majini, mbona hazami?" aliuliza mzee mmoja.

"Mzee, anayekaa majini ni mtoto wake. Akikua anaruka."

"Na kereng'ende, anauma?" akauliza mama mmoja.

"Hana shida na wewe, mama. Yeye anakula mbu."

"Basi apewe kadi ya chama!" akadakia mtu wa nyuma. Tulicheka wote, hata mimi.

Ndipo bwana mifugo akauliza kama kuna aliyeona mbung'o kule chini. Nikamtazama kaka. Mfuko wa shati lake ulikuwa umetuna kwa kile kiberiti. Akasimama.

"Hakuna, Bwana mifugo. Ni nzi tu wa kawaida, na woga wa akina mama."

Wakacheka tena. Mimi nikanyamaza. Hilo naliandika kama kosa langu, maana mdomo nilikuwa nao.

Tukahama. Ng'ombe wangu akawa anakula na bado anakonda. Manyoya yakasimama, macho yakatoa machozi. Mvua hazijaisha, akafa.

Boma la kaka lilipangwa juu kabisa, mbali na vichaka. Kama alipewa kwa ajili ya maneno yale, sijui. Sikuona, siwezi kusema. Huenda aliogopa, maana balozi wa kupinga kuhama angeonekana mtu mbaya. Au huenda alikuwa ameshasahau ya utotoni, akadhani kweli ni nzi wa kawaida. Hilo la mwisho nililishika sana, ndilo lililoniwezesha kumsalimia.

Siku moja akaja na kibuyu cha maziwa ya watoto. Tukakaa nje.

"Pole, dada. Haki ya Mungu, wale nzi sikuwajua."

Nilikuwa karibu kumwamini. Nzi akatua mkononi mwake. Hakumpiga kofi. Alimbana kwa vidole viwili, akamng'oa kichwa, akamtupa, huku anaendelea kuzungumza. Nzi wa kawaida hauawi hivyo. Mbung'o ndiye ukimpiga kofi anaruka tena, na hilo nalo alinifundisha yeye.

Nilimimina maziwa kwenye sufuria ya watoto, nikamrudishia kibuyu chake. Karibu tena sikumwambia.