Niliulizwa Kifua, Nikamtaja Mtu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata sasa nikiikumbuka viganja hunitoka jasho. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, katika zahanati ya mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Nilikuwa nimetoka sekondari Tabora, najua Kiingereza, kaptula yangu imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, na nilidhani kazi ya dresa ni kufunga vidonda na kuwa na mwandiko mzuri. Nakuandikia wewe unayeanza kazi hospitalini kwa sababu kosa langu la siku hiyo lilikuwa la mdomo, na mdomo kila mtu anao.

Mkubwa wangu pale alikuwa Mzee Luhende, dresa wa siku nyingi. Wachimbaji walimwamini. Salamu zetu Wasukuma unazijua: tunaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, mpaka za mwili. Yeye akikutana na mgonjwa wake sokoni hakuthubutu kumuuliza habari za mwili mbele ya watu. Alijibu tu, "Mhola duhu," yaani amani tu, akapita zake.

Kulikuwa na mgonjwa aliyejulikana mgodini kwa jina la Jilala. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Tulimpeleka Mwanza akapigwa picha ya kifua, na picha ikarudi mbaya. Nilipomuuliza amevuta vumbi la miamba kwa muda gani, alitazama mlango kwanza.

"Jilala ni mdogo wangu," akaniambia kwa Kisukuma, sauti chini. "Mimi ni Masanja. Mgodi wa kwanza walinifukuza kwa kifua hiki hiki, nikaja hapa na jina la mdogo wangu. Watoto wako Mhunze, ng'ombe wameisha kwa ukame. Hawa wa mgodi wakijua, nimekwisha."

"Sitamwambia mtu," nikamjibu.

Kwa idhini yake nilimweleza Mzee Luhende peke yake, naye akaanza kutafuta namna ya kumtoa shimoni na kumpatia kazi ya juu bila kelele.

Kabla hajafanikiwa, akaja daktari mkaguzi wa serikali. Alitaka kujua kama mgodi unamwagia maji miamba inapotobolewa, ili vumbi lisiruke, na vifua vya watu ndivyo vingemwonyesha. Kwa hiyo picha za wagonjwa wetu alikuwa na haki nazo. Mzee Luhende alikuwa ameitwa shimoni kumfunga mtu mguu uliovunjika. Nilibaki mimi. Nyapara mkuu aliingia pamoja na mkaguzi, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa kana kwamba ni chake.

Mkaguzi akainua picha moja dirishani. "Huyu mmeandika hana hata mwaka kazini. Lakini hili ni vumbi la miaka mingi. Imekuwaje?"

Nyapara akacheka. "Bwana Daktari, hawa wamechanganya picha. Huyu msomi wa Tabora anachojua ni kunyoosha kaptula." Kisha akaacha kucheka, akanitazama. "Au umeghushi, kijana? Kughushi ni jela."

Nilimwona baba yangu akiambiwa kwamba mwanawe, yule aliyemsomesha kwa kuuza ng'ombe, amefungwa. Ningesema tu, "Picha ni yake, bwana, mengine naomba tuzungumze wawili." Maneno hayo machache nimeyarudia kichwani maisha yangu yote. Siku ile hayakuja.

"Sikughushi!" nikapiga kelele. "Picha ni yake. Jina ndilo si lake. Anaitwa Masanja, alifukuzwa mgodi mwingine kwa kifua hiki hiki!"

Mkaguzi akaishusha picha polepole. "Nilikuuliza kifua," akasema. "Nyapara, ngoja nje."

Nyapara alikuwa ameshatoka, na hakwenda kungoja.

Kabla jua halijazama, Masanja alikuwa juu ya lori la mizigo la kwenda Isaka, kitanda chake cha kamba kimetupwa pembeni yake. Nilikimbia mpaka pale. Hakunitukana. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi, akasema, "Gashi, kumbe na wewe ni mmoja wao." Lori likaondoka.

Mzee Luhende alinikuta nimekaa chini. "Mkaguzi lazima aulize," akasema. "Asipouliza, hawa watu watakufa wote kwa vumbi. Lakini yeye ameomba kifua. Wewe umemtoa mtu mzima mzima, ukamkabidhi nyapara."

Nilidhani adhabu yangu imeishia hapo. Kumbe benchi letu la wagonjwa lilianza kubaki tupu. Wachimbaji walikohoa huku wameziba midomo kwa vitambaa. Nikipita kambini, mazungumzo yalikatika. Hakuna aliyekubali tena kupelekwa Mwanza. Mkaguzi aliporudi baada ya masika na kuomba picha mpya, hatukuwa nazo. Meneja akanyoosha mikono: "Unaona, Daktari? Mgodi wangu hauna wagonjwa." Maji hayakuletwa. Watu wakaendelea kutoboa miamba mikavu, na mimi niliwasikia wakikohoa kila asubuhi wakishuka.

Masanja sikumwona tena. Nilisikia amefariki kwao. Sikuwa na ujasiri wa kwenda kuhani.

Basi sikiliza, mwanangu. Wakija wakubwa wenye mamlaka kukagua, usifiche kumbukumbu za wagonjwa. Wapo watakaookolewa nazo. Ila waulize wanatafuta nini, uwape hicho, usizidishe. Angalia nani mwingine amekaa chumbani, na kama hahusiki mwombe atoke, hata akiwa na cheo kukuzidi. Mgonjwa mwenyewe, ikiwezekana, asikie kwako kabla hajasikia kwa watu. Na ukishikwa na hofu, nyamaza kwanza. Mimi sikuwa mtu mbaya siku ile. Nilikuwa mwoga tu, na woga wangu ulitosha kabisa kuyaleta yote hayo.

Mungu akutie nguvu katika kazi hiyo. Wanaovua shati mbele yako wavue bila hofu, nao wavae tena na kurudi kwao salama. Amina.